Msomaji Bora wa Gredi ya Nne

Mimi ni mtu wa kujisifu, na nalisema mapema ili msomaji asipate taabu ya kunigundua. Nilizaliwa Kikima, kule juu Mbooni kwenye baridi, nikaolewa Matinyani, Kitui, na kwa miaka ishirini na ushee nimewafundisha watoto wa huku kusoma. Watu wa Kitui hupenda kutuambia sisi wa milimani kwamba tuna maneno mengi. Ni kweli tunayo. Lakini katika kata yetu, mzazi akitaka mtoto wake asome, husema apelekwe kwa yule mwalimu wa Kikima. Sifa hiyo niliivaa kila asubuhi kabla ya viatu.

Kwa hiyo nilipompata msomaji bora kuliko wote niliowahi kufundisha, sikushangaa. Niliona ni haki yangu.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mrefu kupita wenzake wa Gredi ya Nne kwa sababu alichelewa kuanza shule na baadaye akakaririshwa mwaka mmoja. Aliishi na nyanya yake; mama yake alifanya kazi ya hoteli Mwingi na kuja mwisho wa mwezi. Jioni alisuka vyondo pamoja na nyanya, na mara nyingi alifika shuleni na uzi wa mkonge umezungushwa kidoleni. Alikuwa mpole, msikivu, na akisimuliwa jambo hakulisahau.

Siku niliyomwinua asome hadithi ya mbuzi aliyekula sabuni, nilijua nina hazina. Alishika kitabu kwa mikono miwili, akasoma. Sauti ilipanda palipotaka kupanda. Alipofika pale mbuzi anapotokea mbele ya wageni waliokuja kuposa, povu limemjaa mdomoni, alitua kidogo ili tucheke. Nilicheka mpaka nikatoa leso. Nikamwambia, "Vizuri sana," nikaliambia darasa zima kwamba hivyo ndivyo mtu anavyosoma.

Kuandika kwake kulikuwa jambo lingine kabisa. Herufi zilitazama upande usiofaa, maneno yalikatwa katikati, na kunakili mistari mitano kutoka ubaoni kulimchukua hadi chakula cha mchana. Mimi, kwa akili yangu yote, nilikata shauri kwamba ni mvivu. Mtu anayesoma vile atashindwaje kuandika? Nilimwita mvivu mbele ya wenzake, na nilimnyima mapumziko si mara moja. Nayaandika haya kwa aibu. Kwenye ripoti yake ya muhula wa kwanza niliandika: Msomaji bora wa darasa. Aache uvivu wa kuandika.

Sasa nimlete mwalimu wa chekechea. Shuleni kwetu yeye ni mtu wa kaunti, kwa mkataba, na sisi wengine ni watu wa serikali kuu. Tofauti hiyo huonekana hata kwenye viti. Alikaa pembeni mwa meza ya walimu, karibu na birika, na tulimtuma akaangalie kama muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, umeiva bila kujiuliza kwa nini tunamtuma yeye. Darasa lake lilikuwa la mabati, mwisho wa uwanja. Mifukoni alibeba vizibo vya soda na punje za mbaazi za kuhesabia, na alipotembea alisikika kabla hajafika. Alikuwa mwanamke mtaratibu, wa kuuliza kuliko kusema. Nilimpenda kwa namna ambayo mtu humpenda mtu asiyemtisha.

Muhula wa pili, asubuhi moja, alikuja kuomba chaki wakati msichana yule anasoma tena. Alisimama mlangoni hadi mwisho. Wakati wa chai akanifuata, mkononi ana kitabu cha yule mtoto.

"Mwalimu, leo amesoma nini?"

"Si ulikuwa hapo? Mbuzi aliyekula sabuni."

Akafungua kitabu, akakiweka juu ya meza mbele ya kikombe changu. "Hebu nionyeshe hiyo sabuni ameila wapi."

Inafaa nieleze. Muhula huo serikali ilikuwa imetuletea vitabu vipya, kila mtoto chake, jambo ambalo hatukulizoea. Mimi niliendelea kufundishia changu cha zamani, nilichokifunika kwa karatasi ya kalenda na kukijaza maandishi yangu pembeni. Niliona hakuna kipya wanachoweza kuniambia kuhusu mbuzi. Lakini waliotengeneza kitabu kipya walibakiza picha na kubadilisha maneno. Katika hadithi mpya, msichana anaokota sabuni kabla mbuzi hajaifikia, ananawa mikono, wageni wanakula, basi. Hakuna povu. Hakuna pa kucheka.

Mtoto alikuwa ameshika kitabu kipya na kusoma hadithi ya zamani, neno kwa neno. Mimi nilikuwa namfuatilia kwenye kitabu changu cha kalenda, nikitikisa kichwa kwa furaha.

"Labda ana kile cha zamani nyumbani," nikasema.

"Kwao kuna kitabu kimoja, na ni Biblia," alisema. Kisha akanionyesha kwa kidole ukuta wa darasa langu. "Mwaka jana alikaa upande ule mwingine, dawati la mwisho."

Ukuta wetu haufiki kwenye mabati. Waliojenga waliishiwa na matofali, na tangu hapo Gredi ya Tatu husikia kila tunachosema. Darasa langu husoma kwa pamoja, kwa sauti, asubuhi na mchana, na mimi hujivunia kwamba tunasikika hadi barabarani. Mwaka mzima yule msichana alikaa chini ya ukuta huo akasikiliza kitabu chote kikipita juu ya kichwa chake.

Nilikasirika. Sijui hasa nilimkasirikia nani, lakini aliyekuwa karibu ni mwalimu wa chekechea. Nikamwuliza kama kaunti siku hizi inamlipa kukagua madarasa ya wenzake. Alisema tu, "Kesho mkisoma ubaoni kwa pamoja, usiangalie ubao. Angalia macho yake."

Kesho yake nikaangalia. Watoto hamsini na tatu walifungua midomo, na macho ya hamsini na wawili yalikuwa ubaoni, au dirishani, kwa wale watundu. Yake yalikuwa kwenye mdomo wa jirani yake. Kila neno lilimfikia kwa nukta moja ya kuchelewa, na alilitoa safi. Nilisimama na fimbo ya kuonyeshea maneno nikasahau kuisogeza, na darasa likarudia mstari uleule mara tatu.

Baadaye nikamwita mwenzake wa dawati, nikamwuliza kwa nini hakuna aliyesema hadithi siyo ile. Akaangalia viatu vyake. "Wewe ulisema vizuri sana," akajibu.

Mchana wa siku hiyo nilikaa na yule msichana penye kivuli cha tangi la maji. Nikaandika kwenye karatasi sentensi ambayo haikuwa katika kitabu chochote: Baba ana debe la maji. Aliitazama muda mrefu. Kisha akaniambia kwa upole mkubwa, kana kwamba mimi ndiye niliyehitaji kusaidiwa, "Mwalimu, si nikwambie ya mbuzi?"

"Kwa nini hukuniambia hujui kusoma?"

"Uliandika kwa ripoti najua."

Kidogo kidogo nikapata habari yote. Hadithi asizozisikia ukutani alisomewa mara moja na mwenzake wa dawati, naye alimlipa kwa kumsuka nywele. Mara moja ilimtosha. Alijua ukurasa kwa picha, alijua afunue lini, alijua mistari mingapi mtu husoma kabla ya kuvuta pumzi. Wenzake walikuwa wakijifunza kusoma ukurasa mmoja. Yeye alikuwa amebeba kitabu kizima kichwani, pamoja na aya za kukariri za kanisani, na hofu ya kukamatwa juu yake. Ningekuwa mimi, ningeacha shule kitambo. Tangu siku hiyo sijawahi kumwona mtoto yule bila kumheshimu.

Nikarudi kwa mwalimu wa chekechea, safari hii mimi ndiye niliyesimama mlangoni kwake. Alitoa kwenye sanduku daftari lililochakaa. Huwa anaandika mambo madogo kuhusu kila mtoto anayepita mikononi mwake, na hatupi hata moja. Kuhusu msichana huyu alikuwa ameandika, tangu akiwa mdogo: hasikii kwamba kuku na kiti vinaanza kwa sauti moja. Herufi ya jana leo ni ngeni. Akipigiwa neno makofi, hajui lina makofi mangapi. Anajibu kwa mdomo kupita wote. Hadithi huishika mara moja. Chini kabisa aliandika: nimemwambia mwalimu wa darasa lijalo, amesema mtoto hukomaa.

Nilimwuliza ni mwalimu yupi. Akafunga daftari.

"Haitusaidii," akasema. "Tumsaidie yeye."

Na msaada ulihitajika haraka, kwa maana Ijumaa hiyo tulikuwa na mkutano wa walimu, na mwalimu mkuu alishatengeneza orodha. Serikali imekataza watoto kukaririshwa, lakini shule zina njia zake za kusema kwamba mtoto "anapewa muda." Wa mwisho katika kuandika walikuwa wanarudishwa nyuma, na yule msichana alikuwa wa kwanza kwenye orodha, kurudi hadi Gredi ya Pili. Alishaambiwa. Na yeye alishamwambia mwenzake wa dawati kwamba Jumatatu haji. Hatakaa na watoto wa miaka saba wakati magoti yake hayaingii chini ya dawati lao. Atabaki nyumbani asuke vyondo.

Mwalimu wa chekechea haitwi kwenye mikutano hiyo, kwa kuwa ni mtu wa kaunti. Aliyejua habari hii mle ndani nilikuwa mimi peke yangu.

Ningependa kusema nilisimama mara moja. Sikusimama. Mwalimu mkuu alisoma majina, akasoma la msichana, akauliza kama kuna neno, nami nikatazama kucha zangu. Nilikuwa nafikiria sifa yangu, na yule mwalimu wa hesabu ambaye angenicheka hadi Krismasi. Tulishaingia kwenye habari ya bomba la tangi linalovuja nilipojisikia nikisema, "Turudi nyuma kidogo."

Nikaeleza yote: kitabu cha kalenda, ukuta, macho. Yule wa hesabu alicheka, kama nilivyojua. Mwalimu mkuu hakucheka. Alivua miwani.

"Kwa hivyo ile ripoti ya muhula uliopita ni ya uongo?"

"Ni ya uongo. Na mwandiko ni wangu."

Akarudisha miwani, akasema msichana atabaki Gredi ya Nne hadi mwisho wa muhula. Kama kufikia hapo hasomi chochote, atarudi nyuma. Niende naye kwenye kituo cha kupima watoto mjini Kitui, na ruhusa ya mlezi nikaitafute mimi mwenyewe, kwa miguu yangu. Pia alisema mwalimu wa chekechea aitwe kwenye mkutano ujao. Kwa hilo la mwisho nilimpenda.

Jumamosi tukaenda, mimi na mwalimu wa chekechea, nyumbani kwa nyanya, upande wa kuelekea Tulia. Tulimkuta ukingoni mwa jiko, amenyoosha miguu, anasokota mkonge pajani.

"Wakya," akatusalimu.

"Aa," tukaitikia, tukapewa vigoda.

Sikuwa nimefungua mdomo alipomtuma msichana alete Biblia. Ndani yake, kwenye mfuko wa plastiki, ilikuwa ripoti yangu. Aliikunjua magotini ili nione ilivyotunzwa. Hapo ndipo nilipolazimika kumwambia kwamba nilichoandika hakikuwa kweli, kwamba mjukuu wake hajui kusoma, na kwamba nilikaa naye miezi sita bila kugundua. Nilisema kwa Kikamba ili nisijifiche nyuma ya Kiswahili cha shule.

Mikono yake haikuacha kusokota.

"Najua," akasema. "Jioni moja nilimwambia anisomee ile Zaburi ya mchungaji. Akanisomea yote, vizuri. Lakini kitabu alikuwa amekifungua mwanzo mwanzo kabisa. Mimi sijasoma, mwalimu, lakini najua Zaburi ziko katikati."

"Susu," nikamwita, yaani nyanya, "kwa nini hukuja shule?"

"Nilikuwa nije. Nilikuwa nimefua hata leso ya kuja nayo. Halafu ripoti ikafika. Mwenye duka akatusomea: msomaji bora. Nikajiambia, nyamaza wewe mama usiyejua kitu. Mwalimu ameandika."

Niliumia sana. Mwanamke asiyejua herufi moja alikuwa amempima mtoto kwa usahihi kuliko mimi, kwa kutazama tu ni wapi kitabu kimefunguliwa, na kalamu yangu ndiyo iliyomfunga mdomo. Mwalimu wa chekechea alimwambia, "Susu, ulikuwa sawa." Hapo ndipo mikono ya nyanya iliposimama.

Mjini Kitui walianza na masikio, kisha macho, nasi tukangoja kwenye benchi. Vyote vilikuwa vizima. Ndipo afisa wa kituo alipokaa na msichana karibu asubuhi nzima, kwa michezo ya sauti, maneno na picha. Alituambia kwamba dalili zote zinaelekeza kwenye disleksia, kwamba mtoto ana akili timamu tena nyingi, ila njia kati ya sauti na herufi kichwani mwake inahitaji kutengenezwa pole pole, kwa mkono, kwa sikio na kwa jicho pamoja. Apewe muda zaidi kwenye mitihani. Asomewe maswali. Asiitwe mvivu. Aliposema hilo la mwisho hakunitazama, lakini nililipokea. Kisha akaona daftari lililochakaa, akalisoma ukurasa baada ya ukurasa, akamwuliza mwalimu wa chekechea amesomea wapi mambo haya. Akajibu kwamba hakusomea, huwa anaangalia tu.

Kazi ikaanza. Kila mchana, dakika ishirini, katika darasa la mabati: mchanga wa mtoni kwenye sinia, herufi moja kwa siku, kidole kikiandika huku mdomo ukitoa sauti. Makofi kwa kila silabi. Kipande cha katoni chenye tundu la mraba, kinachowekwa juu ya mstari ili neno moja tu lionekane na mengine yakae kimya. Nilihofu msichana ataona aibu kuingia kwa watoto wa chekechea. Mwalimu wa chekechea alikuwa ameshaliwaza hilo. Alimpa kazi ya kuchekecha mchanga na kuwapangia wadogo sinia zao, kwa hiyo kila mtu shuleni alijua anaenda kusaidia, naye aliingia ameinua kichwa. Mimi nilikaa kwenye viti vya watoto wa miaka mitano, magoti karibu na masikio, nikijifunza kazi ambayo nilidhani naijua. Zipo siku alizosahau kila kitu cha jana. Zipo siku nilizotaka kupiga kelele. Mwalimu wa chekechea alisawazisha mchanga kwa kiganja na kusema, "Tena."

Mwisho wa muhula nikaandika ripoti. Niliiandika kwa maneno mepesi, herufi kubwa, nikaikunja bila kumwonyesha mtu. Hata mwalimu mkuu aliitia muhuri bila kuisoma, akinitegemea.

Siku ya kufunga shule wazazi walijaa uwanjani. Nyanya alikuja na leso iliyopigwa pasi. Nilimkabidhi ripoti, naye hakumtafuta mwenye duka. Alimpa mjukuu wake. Mwalimu mkuu akasogea, mikono nyuma, na yule wa hesabu naye akasogea.

Msichana alitoa mfukoni kile kipande cha katoni, akakiweka juu ya mstari wa kwanza. Hakuna ukuta uliowahi kumsomea maneno yale.

"A-na-so-ma," akaanza. "Anasoma po-le, polepole." Akasogeza katoni. Mama mmoja alianza kuguna kwa kukosa subira, nikamtazama akaacha. "Anasoma mwe-nye-we."

Mstari wa mwisho ukamshinda. "Mwalimu," alisema vizuri, kisha akakwama. Akainua macho, na kwa mazoea ya miaka yote akautazama mdomo wangu. Nilikuwa nimeshaufungua. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Mwalimu wa chekechea akanikanyaga mguu, nikaufunga mdomo na kuufunika kwa mkono.

Akarudi kwenye karatasi. Kidole chake kilikuwa kikiandika pajani, juu ya sketi, kama kwenye mchanga.

"A-li-ko-se-a," akasema. Akavuta pumzi. "Mwalimu alikosea."

Nyanya alinitazama, kisha akamtazama mjukuu wake.

"Hapo mwisho sijasikia vizuri," akamwambia. "Soma tena."

Akasoma tena, kwa sauti kubwa zaidi.